Kiwanja cha Apollinaire Pale Umbilo

"Apollinaire, na wewe kazi yako hasa ni gani?" Bupe, jirani wa mlango wa pili, alimwuliza siku moja kwenye ngazi za flati zao, mtaani Umbilo.

"Mi ni mtu wa viwanja," alijibu, akipangusa viatu vyake vya ngozi ya nyoka.

Kiwanja hakuwa nacho hata cha kuotesha kitunguu. Lakini ng'ambo ya barabara ilikuwepo bustani ya manispaa: bonde la nyasi lililochimbwa kama bakuli, ili mvua ikizidi maji yajae humo yasiingie majumbani mwa watu. Siku za jua watoto wanacheza mpira humo, wazee wanatembeza mbwa. Ukuta hakuna, mlinzi hakuna. Bwana amsamehe, Apollinaire akajiona mrithi.

Ikatokea kanisa la Pasta Baudouin limefukuzwa kwenye gereji lilimokuwa likisali, kwa makelele ya ngoma. Apollinaire akamleta Pasta, na Mama Clementina, mzee wa kanisa, Mtanzania asiyecheka ovyo. Kibao cha kuonya mafuriko Apollinaire alikuwa ameshakifunika kwa koti lake.

"Papa Pasta, hii yote iko ya marehemu mjomba wangu. Munipe ile bakkie, gari ya kanisa ya kubebea mizigo, mi nawapatia kiwanja."

"Yote hii?" Macho yalimtoka Pasta. Kichwani alishaona mahema, spika, na wachungaji wenzake wa mtaa wa Chatsworth wamenuna kwa wivu.

"Mpaka kwenye ile miti."

Mama Clementina akalitazama koti, akalitazama bonde. "Sawa, mwanangu. Ila kwetu kitu hakitolewi kichinichini. Ufunguo wa gari utapewa Jumapili, hapa hapa, mbele ya watu."

Ijumaa ikanyesha. Jumamosi ikanyesha kwa hasira. Jumapili jua likawaka juu ya ziwa zima, bata wanaogelea. Apollinaire alifika na uongo mpya mdomoni, akakuta kwaya inaruka-ruka kwa furaha.

"Haleluya!" Pasta alikuwa majini mpaka kiunoni, ufunguo wa bakkie juu mkononi. "Kule baharini tukibatiza, mawimbi yanatunyang'anya wamama. Huku maji yametulia! Mwenye kiwanja atangulie!"

"Papa Pasta, mi nilibatizwaga Bukavu, nikiwa mtoto..."

"Kwa matone!" wamama wakamcheka. "Ingia, ufunguo uko huko!"

Akautazama ufunguo, akavitazama viatu. Akaingia. Alizamishwa mara tatu, na ya tatu Pasta alikawia kidogo kumwinua.

Akatoka anachuruzika, ufunguo mkononi. Hajafika kwenye bakkie, kwaya ikaanza wimbo wa malimbuko. Kanisa lile lina desturi yake: kitu cha kwanza anachopokea aliyebatizwa siku hiyo ni cha Bwana. Mama Clementina akasimama mbele yake na kikapu.

"Malimbuko, mwanangu."

"Eish, Mama, hii ni malipo yangu!"

"Anatoa! Anatoa!" Makofi. Simu zote juu, zinachukua video. Mjanja anaweza kumnyima binadamu mwenzake, hilo amelizoea. Lakini kumnyima Mungu, na wateja wake wa kesho wanaangalia?

Ufunguo ukaangukia kikapuni.

Mama Clementina akamsogelea sikioni. "Hii bustani ni ya watu wote, mi napita hapa kila siku nikienda kazini. Lakini ubatizo wako ni wa kweli kabisa."

Apollinaire akapita katikati ya wamama waliokuwa wanamwita "Ndugu! Ndugu yetu!", viatu vya nyoka vikitapika maji kila hatua, akashika barabara.