Paa Lililolazwa

Jumatatu, 10 Machi 2025

Mimi Severini wa Sigino, umri wangu miaka sabini na tisa. Nimeishi kuliko kaka zangu wote. Nimeishi kuliko njaa, kuliko mbung'o walioua ng'ombe wetu, kuliko daktari aliyesema sigara itaniua. Yeye amezikwa, mimi navuta. Kuandika nilijifunza ukubwani, elimu ya watu wazima, na mwalimu alisema hajawahi kuona kichwa kama changu.

Sasa nimeishi kuliko paa langu. Bati limeoza. Mvua ya juzi imenyesha ndani kuliko nje.

Mke wangu, Mama Marietha, amekwenda Bonga kwa binti yetu Marietha. Kifua chake hakitaki unyevu. Amepakia godoro lake kwenye bajaji, amesema atarudi siku kitanda kitakapokuwa kikavu. Hakugomba. Angegomba ningejua la kumjibu.

Jirani yangu Filbert amekuja kutoa pole. Pole gani? Alikuja kuangalia kutu. Yeye ameezeka bati la msauzi, lile la migongo kama vigae, jekundu, paa limesimama kama jogoo. Kasema, mzee mwenzangu, weka kama langu, mama arudi kesho. Nimemwambia mimi siezeki kelele. Mvua ikipiga bati lile, hata rozari hamsikilizani.

Arusha niliona kitu. Vigae vya lami! Vyeusi, laini, kama tairi lililokatwa vipande likamwagiwa mchanga. Mvua ikinyesha juu yake, kimya. Hapa Sigino hakuna aliye navyo. Basi. Asubuhi fahali wangu ametoka zizini kwenda mnadani, jioni vigae vimeshuka kwenye fuso.

Jumatano, 12 Machi

Fundi Nestory amekuja. Shikamoo yake nzuri, maneno yake mengi. Eti vigae hivi vinataka paa lenye mteremko, maji yakimbie. Paa likilala, maji yanarudi chini ya kigae kama mwizi. Eti chini yake plaiwudi, juu ya plaiwudi karatasi ya lami. Plaiwudi nimekubali. Karatasi nimekubali. Mteremko nimekataa.

Nimemwambia, kijana, mimi nimezaliwa kwenye tembe. Paa la baba yangu lilikuwa bapa. Udongo juu, watu juu, mahindi yanaanikwa juu, mbuzi wanapanda wakitaka. Upepo wa Hanang ulipita ukaliacha. Nestory kasema, babu, udongo unakunywa maji, lami hainywi. Nimemwuliza yeye amezaliwa chini ya paa gani. Halafu kasema sawa, paa si langu, ila likivuja usinitaje.

Namtaja.

Wameshusha kenchi, zile mbao zinazobeba paa, mpaka likalala. Filbert kasimama njiani, kauliza tunaezeka nyumba au tunachonga meza ya bao. Nimemjibu kwamba jogoo wake mwekundu hajawahi kutaga. Hakuelewa. Elimu yake ndogo.

Jumapili, 16 Machi

Limekwisha jana. Jeusi! Bapa! Baada ya misa nimewaalika jumuiya nzima waje kuona. Amekuja katekista.

Nestory ameacha vigae vya akiba na maagizo ya kulitunza. Nisilikanyage jua likiwaka. Majani ya ule mti wa mgrivea uani niyaondoe kwa fagio laini, na matawi yanayoligusa niyakate. Baada ya upepo nikague kama kuna kigae kimeinuka. Nimesikia yote. Lakini paa la kutokanyagwa ni paa gani?

Mchana jua limewaka. Nimepanda na gunia la maharage kuyaanika, wadudu wasiyatoboe. Ndivyo alivyofanya mama yangu. Filbert hawezi kuanika kitu juu ya paa lake, kitateremka mpaka barabarani. Nimesimama juu ili wapita njia wanione. Wameniona. Nilipotaka kushuka, ndala ya kushoto imekataa kubanduka. Nimeshuka na ya kulia.

Jumanne, 18 Machi

Maharage yamekauka vizuri sana. Ila mengi yamenasa kwenye lami. Niliyoweza kuyabandua nimempelekea Mama Marietha kwa bodaboda, ajue mumewe ana paa.

Marietha kapiga simu. Kasema mama anauliza, baba amechemsha barabara ya lami ya Dodoma?

Nimemwuliza kama mama alicheka. Kasema alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakohoa tu.

Kitanda kimekuwa kipana siku hizi.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua imeshuka mchana. Nimekaa kitandani kuisikiliza. Kimya kabisa, kama nilivyosema! Sikuisikia hata ilipoingia.

Imeingia upande wa Mama Marietha. Wangu mkavu. Hilo limeniuma. Ingelowesha wangu ningelisamehe.

Nestory kwenye simu kasema lazima tuinue kenchi, hakuna dawa nyingine. Nimekata simu. Paa haliumwi, liko uchi. Tembe la baba likivuja, nani alilibomoa? Liliongezwa udongo. Nimechanganya udongo, mavi ya ng'ombe na majivu, nimepanda mwenyewe, nimelikandika lote. Filbert kauliza nimeezeka au nimezika. Nimemwambia marehemu ni yeye.

Jumamosi, 12 Aprili

Siku nyingi sijaandika. Nilikuwa nabeba udongo. Mvua inautoa, mimi naurudisha.

Leo paa ni kijani. Yale maharage yaliyonasa yameota! Filbert kaita watu. Kasema Severini hana nyumba, ana shamba lenye vyumba. Nimemjibu atuoneshe bati lililowahi kumlisha mwenyewe. Watu wamecheka. Sijui walimcheka nani, lakini nimehesabu ni yeye. Katekista kaomba majani ya mboga, nimempandisha ngazi akachume.

Marietha kapiga simu. Mama anataka kusali Pasaka nyumbani. Kauliza, baba, sema kweli, paa likoje? Nimesema limestawi. Si uongo.

Jumatatu, 21 Aprili

Mama Marietha amefika jana baada ya misa, na godoro lake. Amesimama uani akatazama juu. Maharage yametoa maua. Nilingoja aseme. Ameingia chumbani, amegusa kitanda kwa kiganja, upande wake. Ametoka. Ameshika godoro, ameelekea jikoni.

Jiko letu liko nje. Bati lake ni la zamani, nililipiga mwenyewe mwaka aliozaliwa Marietha. Limesimama, na halivuji. Sikutaka kuliandika hilo, limejileta.

Filbert kakimbia kumsaidia, kashika pembe moja ya godoro. Nimeshika nyingine, ili asije kusema alimrudisha yeye.

Nimemwuliza mke wangu, sasa umerudi au hujarudi? Kasema, Baba Marietha, kwako nimerudi. Kwa maharage yako sijarudi.

Leo mchana mvua imenyesha tena. Nami nimehamia jikoni, niangalie moto. Bati linapiga ngoma juu yetu. Mama Marietha amelala. Hakohoi. Nimekaa namsikiliza yeye, mvua nimeiacha.

Kwa hiyo nimeshinda. Nilitaka arudi, amerudi.

Ila nikitazama juu, hili paa la jiko limesimama mno. Na hizi kelele! Mtu mwenye kifua atapumzikaje? Vigae vya akiba vipo. Kesho nampigia Nestory tulilaze.

Anayebisha kwamba nimeshinda amuulize Filbert, alishika godoro. Amuulize katekista, amekula mboga ya paa. Au amuulize Mama Marietha mwenyewe, akiamka. Asimwamshe.