Magego ya Tublu na Siku ya Mkwe

Ukurasa wa mbele wa gazeti Nimai muuza chai alishaufungia kachori za mteja wa saa moja, kwa hiyo asubuhi ile hatukujua kama serikali bado ipo. Tulibakiwa na ukurasa wa afya. Profesa akaukunjua, akapangusa miwani, akakohoa. Alifundisha jiografia miaka thelathini, na mpaka leo hawezi kusoma kitu bila kukisomea darasa.

"'Umeng'olewa magego ya mwisho?'" akasoma. "'Kula vyakula hivi kumi laini. Kwanza, parachichi lililopondwa.'"

"Parachichi!" Kamaredi akainuka kwenye benchi. Huyu alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa tramu, na tangu tramu zipungue mjini anagombana na kila kinachotembea. "Hapa Kolkata parachichi anakula nani? Wale wa ghorofa ya ishirini! Mnyonge aking'olewa jino afe?"

"Soma la pili," akasema Bhombol, mwenye duka la miavuli. Bhombol orodha ya chakula huisikiliza kwa macho yaliyofumbwa.

"'Supu ya brokoli.'"

Bhombol akafumbua macho. "Hilo gazeti lichanwe."

Kabla sijaendelea, mjue sheria ya kijiwe chetu. Ukifika unatumbukiza simu yako kwenye debe la biskuti la Nimai, na kifuniko kinabanwa. Profesa ndiye aliyeitunga, baada ya mgeni mmoja kuua mjadala wa siku nne kwa kutazama jibu kwenye simu. Ulikuwa mjadala mtamu kweli, hata sasa nikiukumbuka roho inaniuma.

Basi ndipo akatokea Tublu, fundi redio wa kona. Kavaa kanzu fupi ya hariri na shuka jeupe lililopigwa pasi mikunjo mia, mkono huu boksi la vitamutamu, mkono huu chungu cha mtindi. Shavu la kushoto limetuna kama kaficha embe.

"Oya, bwana harusi!" Bhombol akapaza sauti. "Umepigwa na mke tayari? Ndoa si ya Februari tu juzi?"

"Magego," Tublu akajibu bila kufungua mdomo. "Mawili. Juzi."

Profesa akalitazama gazeti, akamtazama Tublu, akalitazama gazeti tena. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyejibiwa dua. "Kaa chini, mwanangu. Umefika mahali penyewe."

"Siwezi kukaa, Mwalimu. Leo si Siku ya Mkwe? Yangu ya kwanza kulishwa na mama mkwe. Nimepita kuomba ushauri tu, dakika tano."

"Saa hizi saa tatu," akasema Kamaredi. "Chakula cha mchana saa saba. Kwa mama mkwe wako ni uchochoro wa pili hapo. Weka simu debeni, ukae."

Tublu akaitumbukiza simu, akakaa, chungu cha mtindi mapajani. Nimai akampa chai kwenye kikombe cha udongo. Profesa akampokonya. "Moto hapana! Imeandikwa hapa." Akainywa yeye.

"Haya, mama mkwe kapika nini?" Bhombol akauliza, kwa sauti ya chini kama tuko msibani.

"Sahani kumi na moja, kaka Bhombol. Mbuzi. Kamba wa nazi. Kichwa cha samaki ndani ya dengu. Hilsa wa haradali."

"Hilsa!" tukaguta wote. Samaki yule mtamu sana, lakini miiba yake hata mwenye meno yote humla anasali.

"Si umwambie ukweli tu?" nikasema mimi. Kijiweni naitwa Posta, kwa sababu nafanya kazi posta.

"Nimwambie vipi, Posta? Wiki tatu anatangaza mtaani mkwe wake anakuja. Hata mke wangu sijamwambia, yuko kwao tangu Jumatatu anasaidia kusaga viungo. Mimi mdomo haufunguki zaidi ya kidole kimoja." Macho yakaanza kumlenga. "Na mnajua wenyewe alivyo. Kafunga tangu alfajiri kama mila ya leo inavyotaka, hata maji hajagusa. Asiponiona nimekula nikashiba, haweki kitu mdomoni. Ana kisukari, jamani. Ataanguka kwa ajili ya magego yangu."

Hata Kamaredi, anayeiita Siku ya Mkwe mabaki ya ukabaila, alishusha kichwa. Mama mkwe wa Tublu tunamwita Mama Mdogo mtaa mzima. Nusu yetu katufukuza kwenye mti wake wa mapera tukiwa watoto, na nusu ile ile katupikia tulipougua.

"Usilie, kilio kinavuta mshono," akasema Profesa. "Tulitatue kisayansi. Chakula gani laini kinachoheshimika mezani?"

Alianza mwenyewe. Profesa meno yake thelathini na mawili ni ya kubandika, hivyo kwenye ulaini anajiona mtaalamu. "Uji wa sago. Unateleza wenyewe, jino halina hata habari."

"Uji wa sago ni wa wagonjwa na wajane," Bhombol akapinga. "Mkwe mpya apewe sago? Ni matusi! Suji, uji wa ngano na maziwa, mzito, na iliki. Mtu anaweza kuishi kwa suji peke yake."

"Mtindi," akasema Kamaredi. "Kauleta mwenyewe, upo mapajani. Mtindi na ndizi iliyopondwa, asubuhi, mchana, jioni. Mimi mwaka ule wa mgomo niliishi siku kumi na mbili kwa mtindi."

"Mgomo ulikuwa wa siku tatu," akasema Nimai, akikoroga birika.

"Wewe chemsha chai!"

Mimi nikasimama kutetea wali. Wali uliopikwa ukapitiliza, ukapondwa na kiazi cha kuchemsha na kijiko cha samli. Nikaapa mbele ya watu kwamba mtu akila ule mwezi mzima hawezi kukumbuka nyama. Mkumbuke nilivyoapa.

"Na rosogolla je?" Bhombol akafungua boksi la Tublu bila kuomba. "Tazama. Nyeupe, imelowa sharubati, laini kuliko shavu la mtoto."

"Rosogolla si laini," akasema Profesa.

Kijiwe kikalipuka.

"Si laini? Mwalimu, umeingiwa na jua?"

"Ibonyeze." Bhombol akaibonyeza. "Umeona? Imerudi. Kitu kinachorudi ukikibonyeza hakina ulaini, kina msimamo. Halafu hulia kwenye meno: kwii, kwii."

"Yako yanalia kwa sababu ni ya plastiki!"

"Na ile sharubati," nikadakia, "itaingia kwenye shimo la gego."

"Basi aifyonze kwanza!"

"Kufyonza marufuku! Imeandikwa hapa, damu iliyoganda itabanduka!"

Hapo ndipo tulipopotea. Mjadala wa rosogolla peke yake ulikula vikombe vinne vya chai kwa kila mtu. Kikapu cha vikombe vilivyotumika kikajaa, Nimai akaleta kingine. Jua la Juni likahama kutoka mgongoni likatukaa utosini. Rosogolla zilizobonyezwa kwa ushahidi zikawa sita, na Bhombol akazila zote ili, kwa maneno yake, kielelezo kisiharibike.

"Debe linatetemeka," akasema Nimai.

"Sheria ni sheria," akajibu Profesa.

"Mimi nina wazo," Bhombol akafuta vidole. "Kuna mashine ya kusagia viungo. Tunamtia mbuzi humo, mifupa tunatoa, anatoka rojo."

"Mbuzi wa mama mkwe umsage?" Kamaredi akashika kifua. "Mimi sina dini, lakini Mungu anakuona."

"Basi la pili. Niende naye. Nikae ubavuni. Mkono wake unaokota, mdomo wangu unapokea. Mama anaona sahani inapungua, roho yake inatulia, anakunywa maji yake."

"Yaani unajitolea?"

"Kwa ajili ya rafiki," Bhombol akasema, na kweli alikuwa na uchungu wa dhati usoni, "nitakula zote kumi na moja."

Kamaredi akadai kura. Tukanyoosha mikono: wawili wakataka uji, wawili wakataka Bhombol. Tublu alipoinua mkono wake akashushwa. "Wewe una maslahi," akaambiwa. Tukarudia kura. Ikatoka vile vile. Profesa akapendekeza iundwe kamati ndogo.

"Debe linatembea sasa," akasema Nimai. "Lilikuwa pale, limefika hapa."

"Nimai, bana, tuko kwenye jambo la msingi!"

"Jambo gani la msingi?"

Sauti ilitoka nyuma yetu. Tukageuka. Mama Mdogo amesimama juani, sari mpya yenye pindo jekundu, midomo imekauka. Mkono mmoja upepeo wa mnazi, mkono mwingine bakuli lililofunikwa. Tublu akasimama, chungu cha mtindi kikaanguka, hakuna aliyekitazama.

"Mama, mimi..."

"Nyamaza, mshono utafumuka." Akamsukuma akae. "Unadhani sijui? Mama yake daktari wako na mimi tunanunua samaki meza moja. Umetoka kwenye kiti cha daktari saa kumi, saa kumi na robo nimeshaambiwa gego la chini lilikuwa na mizizi mitatu."

"Lakini zile sahani kumi na moja..."

"Zote nimezipika laini. Mbuzi amechemka mpaka kasahau kama alikuwa na mifupa. Kamba nimemponda. Hilsa nimemchambua miiba kwa vidole hivi tangu alfajiri, mwiba mmoja mmoja." Akamwonyesha vidole. Vilikuwa vimechomwachomwa. "Nimepika, nimesubiri. Saa sita, hayupo. Saa saba, simu inaita haipokelewi. Mkeo Mitali analia anasema umegongwa na basi. Nikamwambia hajagongwa, yuko kijiweni."

Akalowesha upepeo kwa maji ya Nimai, akampepea mara tatu, matone yakaturukia hata sisi. Akamfunga mkononi uzi wa manjano, baraka ya Siku ya Mkwe. Kisha akafunua bakuli: wali wa maziwa, umepoa, mlaini. Akamlisha kijiko kimoja, polepole, pembeni mwa mdomo. Tublu akameza huku machozi yanamtoka waziwazi. Mimi mwenyewe nilitazama pembeni.

"Umemeza?"

"Nimemeza, Mama."

"Nimai, nipe chai. Bila sukari." Akanywa kikombe kizima kwa mfululizo, akashusha pumzi ndefu. Ndipo akatugeukia sisi wanne. Akatukagua, si usoni, mikononi.

"Na ninyi? Nyuzi zenu za manjano ziko wapi?"

Tukatazama mikono yetu. Ilikuwa mitupu.

"Ninyi hamna mama wakwe? Au wao wamefunga kwa ajili ya mbuzi? Posta, wako si yuko Barasat, mwendo wa treni? Mwalimu, wako ana miaka mingapi?"

"Themanini na minne," Profesa akasema, sauti imemwisha.

"Anajaza saa ya ngapi leo bila maji? Saa saba na nusu hii!"

Sitausahau mlio wa kifuniko cha lile debe kikibanduliwa. Simu tano zilikuwa zinatetemeka kwa pamoja. Mke wangu alikuwa amepiga mara kumi na tisa. Bhombol alishavuka barabara kabla sijapata viatu. Kamaredi, adui wa ukabaila, alikimbia akiwa ameshika shuka kwa mikono miwili, na tramu moja iliyobaki mjini akaikosa kwa hatua mbili. Nyuma yetu nikamsikia Nimai, asiyewahi kuoa, akicheka peke yake mpaka akakohoa.

Mimi Barasat nilifika saa kumi kasoro. Njiani nilikuwa natafuta uongo, na kwa kuwa kichwa kizima kilikuwa magego, ukaja wenyewe. Mama mkwe alipofungua mlango, mdomo mkavu, macho mekundu, nikashika shavu. "Mama, nisamehe. Nimetoka kung'olewa gego."

Hasira zikamwishia hapo hapo. "Maskini mwanangu!" Akanipepea, akanifunga uzi, akanikalisha mahali penye baridi. Kisha sahani ya mbuzi iliyokuwa mbele yangu ikainuliwa ikapewa shemeji, na mbele yangu likawekwa bakuli la wali uliopitiliza, uliopondwa na kiazi cha kuchemsha na kijiko cha samli.

Kesho yake tulirudi kijiweni. Tuliketi, chai inapoa.

"Nililishwa suji," Bhombol akasema mwishowe. "Bakuli tatu. Shemeji zangu walikuwa wanavunja mifupa ya mbuzi ubavuni mwangu, naisikia."

"Na wewe ulisema gego?" nikauliza.

"Wewe pia?"

Kamaredi akainua kidole, naye gego. Mtindi. Na ndizi.

Tublu akapita kwenda dukani kwake, kashiba, shavu limeshuka, anasalimia watu. Hakusimama. Wote tukamgeukia Profesa, aliyejificha nyuma ya gazeti.

"Mwalimu, wewe ulimwambia nini bibi yule?"

Gazeti likapanda mpaka utosini.

"Nilimwambia gego," likajibu. "Akaniambia, haya, vua meno yote nilione."