Nani Alikata Wimbo wa Bata wa Chuma?

Kamukuywa, Bungoma
Agosti, 2004

Kwa Mheshimiwa Meneja wa Vipindi,

Pokea salamu kutoka Kamukuywa, ambako mvua ni nzuri na mahindi yamesimama kama askari wa gwaride. Kabla ya mengine, ujue kwamba unaandikiwa na mtu wa bahati. Hapa sokoni wananiita Japani, na si bure. Nimeishi Yokohama. Nilikula samaki mbichi nikaongezewa, na nilipotaka kurudi nyumbani wenyeji walinishika koti wakiniomba nikae angalau mpaka Krismasi. Kwa hivyo nikiongea juu ya katuni ya Kijapani, siongei maneno ya kuokota.

Shida yangu ni ile katuni yenu ya jioni, ya msichana anayezunguka dunia juu ya bata wa chuma akimtafuta babake. Mimi na dada yangu Nangila tuliitazama tukiwa wadogo, kwa televisheni ya misheni, watoto wa soko zima tumebanana sakafuni. Ulikuwa wimbo mmoja, wa kufungulia na wa kufungia. Hakuna aliyejua maana ya neno hata moja, na hakuna aliyenyamaza. Mliporudisha katuni hiyo mwaka huu nilikusifu hotelini mbele ya watu wakinywa chai. Sasa nazitaka sifa zangu zirudi, kwa sababu zifuatazo:

1. Mmekata wimbo. Unaanza vizuri, ngoma zinaingia, bata anapiga mbawa, halafu pale sauti inapopanda tu, linaingia tangazo la mbegu za mahindi: "Magunia hadi darini!" Tangazo likiisha, bata ameshatua na watu wanaongea, na ule wa kufungia hamuuchezi kabisa. Wewe bwana, ukiletewa kikombe cha chai nusu, halafu uonyeshwe picha ya ng'ombe, utashiba?

2. Khisa, kijana wa Nangila, anaishi na wazazi wake Kitale, na mwaka huu ni zamu yake ya kutahiriwa. Kwetu mvulana huzunguka na kengele mikononi akialika jamaa, na mkubwa wa waalikwa ni mjomba, ndugu ya mama. Huyo ni mimi. Nina fahali niliyemlea tangu akiwa ndama kwa kazi hiyo moja: siku moja kabla ya kisu, Khisa aje kwangu, nimchinjie, nimvike nyama ya kifua shingoni, nimkemee vizuri ili apate roho, kesho yake asimame akijua ana watu nyuma yake.

Jumapili alikuja kunialika. Wenzake wote hualika kwa nyimbo za wazee, lakini Khisa amelelewa na mamake kwa wimbo wa bata, ule mwanzo tu ambao Nangila bado anaukumbuka, basi kengele zikaingia uwanjani na wimbo wa bata. Si nikasahau kwamba mjomba anatakiwa kukunja uso! Niliruka mbele ya wazee mpaka koti likapepea. Na pale sauti inapopanda, vijana wote waliomsindikiza wakasimama wima wakapiga kelele kwa pamoja: "Magunia hadi darini!" Kisha kimya. Hawajui mbele yake kuna nini, na ni kwa sababu yako. Jirani yangu Cheruiyot akauliza ati hizo mbegu wamebeba ama ni za kuagiza.

3. Mama yetu, Wilkista, ndiye mwenye boma. Alitoka jikoni na mwiko wake akasema kwamba kwake mwaliko hupokelewa wimbo ukiisha. Huu haujaisha, kwa hivyo hakuna mtu amealikwa, na fahali aendelee na nyasi zake. Khisa aliangalia chini, kijana mrefu hivyo, kengele zikining'inia kama soksi zilizoanikwa. Ndipo Nangila akanigeukia mbele ya watu, ati si wewe ulikaa Japani, bana, maliza wimbo. Nikakohoa. Nilikohoa mpaka nikaletewa maji. Kikohozi hicho pia nakiweka juu ya kituo chenu.

4. Fikiria sasa. Bila wimbo hakuna mwaliko, bila mwaliko hakuna fahali. Khisa atasimama mbele ya watu shingo tupu, kama mtoto ambaye mamake hana kwao. Akipepesa hata ukope, Kitale nzima itasema ni mjomba. Nangila ataacha kunisalimia. Boma litagawanyika, watu watahamia mjini, mashamba yatakuwa vichaka, na hapo sijui mwenye mbegu atamuuzia nani.

Kwa hivyo naomba kwa heshima mcheze wimbo mzima Alhamisi, maana Khisa anarudi kujaribu tena Ijumaa. Ikishindikana, tuma mfanyakazi yeyote anayeujua, atalala kwangu na kuku atakula. Tangazo liwekeni katikati ya habari, hizo hakuna anayezichezea kengele.

Nisalimie wasomaji wa habari wote, mlinzi wa lango, na yule wa hali ya hewa. Mwambie mvua ya Jumanne aliikosea lakini tumemsamehe.

Ndimi mtazamaji wako, kwa sasa mwenye hasira,
Kizito Wekoye (Japani)

Nyongeza: Naandika hii Jumamosi nikiwa Kitale, kwa Nangila. Barua ilibaki mfukoni mwa koti. Jana Khisa alirudi, wakafika kwa magunia wakanyamaza tena, nami nikaanza kutafuta kikohozi. Ndipo mama akaimba. Aliimba kipande chote kilichobaki, mpaka mwisho, Kijapani chenye harufu ya Kibukusu. Kumbe zamani akija misheni kutuita tukafunge ndama, alikuwa akisimama dirishani kwanza mpaka wimbo uishe. Sisi tulidhani ni mtu wa kuchelewa. Nilimuuliza mbona Jumapili alinyamaza, akasema alikuwa anampisha mtu wa Japani.

Fahali alichinjwa. Nyama nilimvika, na kumkemea nilimkemea. Leo asubuhi Khisa amesimama kama nguzo ya stima.

Kwa hivyo tangazo msiliguse. Mama aliingilia hapo hapo baada ya "darini", na vijana wanasema bila magunia wimbo haukamiliki. Mkiurekebisha mtatuharibia.

Na Japani sijafika. Hili koti ni la mitumba, hapa hapa Kitale.