Kigoda cha Njano na Mlio wa Dakika ya Tatu

Sikizeni, enyi wapenzi wa roki mliobaki na masikio mawili, na ninyi mliobaki na moja kwa kukaa sana karibu na spika, jongeeni pia. Nawasimulia vita vya miaka kumi na tisa vilivyopiganwa katika mkahawa wetu wa santuri hapa Amagasaki, Japani, na jinsi vilivyomalizwa na mtu aliye uchi. Ewe ulimi wangu, usiteleze, maana tunakwenda penye sabuni.

Katika santuri pekee iliyoachwa na kundi la Mbwa wa Tope, dakika ya tatu, gitaa likiisha kunyamaza, hutoka mlio mrefu wa kukwaruza, wenye mwangwi, kama ng'ombe anayekataa kuhamishwa. Umetolewa na nini? Kundi lilivunjika bila kusema. Hirabayashi, fundi wa mikeka, simba wa meza ya mbele, alishikilia kuwa ni gitaa lililopigwa kwa upinde wa fidla. Mzee Onodera, mstaafu wa reli, jabali lisilotikisika, akashikilia kuwa ni kanda iliyochezwa kinyumenyume. Wakazeeka wakibishana. Mwaka huu Hirabayashi akapandwa na mori, akaapa mbele yetu sote kwamba ikidhihirika si gitaa, ataacha kiti chake kilicho chini ya spika ya kushoto. Tukashusha vikombe, maana kiti kile ndicho kilichomliwaza alipofiwa na mkewe.

Basi ikawa Jumanne, saa tisa alasiri, hamamu, bafu la umma la mtaani kwetu, ilipofunguliwa tu, shujaa akaingia bila ngao wala nguo, kitaulo kichwani, akakivuta kigoda cha plastiki cha njano juu ya vigae vilivyolowa ili aketi ajisugue mgongo. Kigoda kikalia. Hirabayashi akaganda, sabuni ikimwingia machoni. Akakivuta tena. Ng'ombe yule yule, mwangwi ule ule.

Loo, hapo ndipo moyo wake ulipogawanyika. Akinyamaza, nani atajua? Kiti ni chake mpaka kufa. Akisema, amekipoteza kwa kinywa chake mwenyewe. Alikaa ndani ya maji ya moto akiwaza mpaka akaiva kama pweza. Kisha akavaa, akaja mkahawani akichuruzika, akasimama mbele ya hasimu wake.

"Mzee Onodera, si gitaa. Nimeshindwa," akanena. "Lakini na wewe umeshindwa, kwa hiyo njoo uvue nguo."

Tukaandamana watu saba hadi hamamu, tukavua silaha zetu zote, ya mwisho ikiwa miwani ya Onodera. Kigoda kikavutwa kaskazini, kikavutwa kusini, hadi Onodera mwenyewe akakikamata, akakivuta huku amefumba macho, akakiri kuwa ndicho.

Ndipo Mama Tokie, mwenye hamamu, akachungulia kutoka kiti chake kirefu cha mlangoni.

"Nyie wazee, vigae vyangu vimewakosea nini? Mara ya mwisho kukwaruzwa hivi ni wale vijana wa magitaa, walipokuja na mashine yao ya kurekodi. Niliwatoa kwa ufagio."

Tukamuuliza, kwa unyonge, mbona hakutuambia miaka yote hii.

"Mliniuliza lini? Kila siku mnabishana humo ndani ya maji, mkitoka mnasema asante, mnakwenda zenu."

Jioni ile Hirabayashi alikwenda kwenye kile kiti, akachukua mto wake, akaupakata, akahamia karibu na mlango wa choo. Neno ni neno. Hakuna aliyethubutu kukikalia kiti. Ndipo Onodera akaingia na kitu kilichofungwa kwa gazeti, alichokiomba kwa Mama Tokie na kuapishwa kwamba hakitarudi tena kwenye vigae vyake. Akakifungua chini ya spika ya kushoto.

"Wewe uliapa kuacha kiti," akasema. "Hiki ni kigoda. Kaa bwana, tusikilize."

Hirabayashi akaja akakaa, magoti yakimfika kidevuni, akifuta macho kwa kitaulo kile kile cha hamamu. Santuri ikawekwa. Na iandikwe katika tarehe za mji huu, wasome watakaozaliwa, kwamba ilipofika dakika ya tatu na mlio ule ukaitikisa mikebe ya chai, Hirabayashi wa Amagasaki alikuwa ameukalia.