Safari ya Gaudensi kwenda Kabungu na Keria Tupu

Sogeeni karibu, enyi watu wa Mpanda, na nyie mliotawanyika kuanzia mashamba ya Sibwesa hadi misitu ya Ugalla. Wekeni majembe chini, zimeni redio, mbembelezeni mtoto anyamaze, kwa maana inasimuliwa hapa safari ambayo hakuna jeshi lililoiona wala mkuu yeyote aliyeitangaza: safari ya Gaudensi mwana wa Hilari, mbeba magunia, mshinda vilima, bwana wa baiskeli nyeusi, siku aliyoondoka Mpanda mjini akaenda Kabungu pasipo kubeba kitu.

Pasipo kubeba kitu. Lirudieni neno hilo taratibu, mlionje. Tangu baiskeli zilipoingia katika nchi hii, ni nani aliyewahi kuiona moja ikipita njia ya Kabungu na keria tupu? Baiskeli hubeba mahindi na mpunga. Hubeba mkaa, milango ya mbao, mbuzi aliyefungwa miguu, na mgonjwa anayeshikiliwa na ndugu zake huku na huku. Keria tupu ni kama mlango uliofunguliwa; anayekutana nayo hana haja ya kubisha hodi.

Chanzo cha makuu hayo yote kilikuwa televisheni. Alasiri moja ya mvua, Gaudensi na mkewe Angela walijikinga dukani kwa Kasimu, na katika televisheni ya Kasimu ilikuwa inaonyeshwa nchi ya Ufaransa. Mzee mmoja na bibi mmoja, wote wenye mvi, walikuwa wanaendesha baiskeli katikati ya mashamba ya mizabibu. Walipita makasri ya mawe yaliyojengwa na wafalme, wakasimama kwenye kila kanisa la zamani, wakaliangalia, wakaendelea. Wakafika mtoni, wakakaa majanini, wakala mkate.

"Wamepeleka nini huko?" Angela aliuliza.

"Hawajapeleka kitu, shemeji," alisema Kasimu. "Wanatembea."

"Na wanaenda kuchukua nini?"

"Hawachukui. Wanaangalia nchi, basi, wanarudi kwao."

Wakarudi nyumbani. Ndipo Angela alipovua viatu vyake vyenye tope akasema, "Baba Martin, na sisi twende hivyo. Wewe uendeshe, mimi nikae nyuma, mpaka kwetu Kabungu. Tule njiani. Tusibebe hata kitunguu."

Wakakubaliana kwenda baada ya mavuno. Lakini kila baada ya mavuno kulikuwa na gunia linalosubiri, na baada ya gunia hilo lingine. Kisha ikaja masika iliyomchukua Angela. Juu ya keria ukabaki mto wa sponji alioushona mwenyewe kwa kipande cha kitenge cha bluu, aliokuwa akiukalia wakienda kanisani, na ambao Gaudensi aliufungua kila alipopakia magunia na kuufunga tena kila alipoyashusha.

Basi mavuno yalipokwisha mwaka huo, Gaudensi aliweka nadhiri moyoni, asimwambie mtu: kwamba ataendesha mpaka Kabungu, na juu ya mto ule hakitakaa kitu wala mtu, njia nzima. Akachemsha viazi vitamu, kwa kuwa mkate wa Kifaransa haukupatikana, akavitia katika mfuko alioutundika kwenye usukani, akatoka.

Jaribu la kwanza lilimngoja barazani kwa Kasimu.

"We Gaudensi! Unaenda wapi keria imekauka hivyo?"

"Kabungu."

"Kupeleka nini?"

"Sipeleki."

"Kuchukua nini?"

"Sichukui."

Kasimu akawageukia wateja wake. "Jamani, mwenzetu ameanza kampeni. Anakwenda kusalimia wananchi mikono mitupu." Wakacheka. "Basi nibebee katoni hizi mbili za sabuni, kuna mtu atazipokea hapo njia panda. Si unapita humo humo?"

Ndipo Gaudensi mshinda vilima aliposimama mguu mmoja ardhini na mwingine juu ya pedali, akainua mkono, akahutubia:

"Kasimu mwana wa Rahim! Nimekubebea sukari mvua ikinyesha, wala haikulowa. Nimekubebea mabati siku ya upepo, yakataka kuruka, na mimi juu yake. Kesho nipakie duka lote, rafu na mizani, na wewe mwenyewe juu kabisa kama bendera. Leo sibebi!"

"Leo kuna nini?"

"Leo natembea."

"Kama wale wa Ufaransa?"

"Kama wale."

Kasimu alicheka mpaka akashikilia mlango. "Haya, nenda, Mola akulinde. Ukiona mfalme msalimie, mwambie Kasimu anauza sabuni."

Ndivyo ulivyovunjwa mzingiro wa kwanza. Shujaa akaingia njia ya vumbi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaanza kuangalia alikopita. Aliliona bani la tumbaku, nyumba ya kukaushia majani, lililoachwa, paa limeanguka na kuta za udongo zimebaki na matundu ambamo njiwa waliingia na kutoka, akakumbuka makasri. Akashuka. Akafunga mikono nyuma kama yule mzee wa mizabibu, akalizunguka polepole.

Mwenye shamba akatoka mahindini na panga. "Wewe ni wa halmashauri?"

"Hapana."

"Unataka kulinunua?"

"Naangalia tu."

"Unaangalia nini?"

Gaudensi alifikiri. "Limekaa vizuri," alisema.

Mwenye shamba naye akaligeukia bani lake, akaliangalia muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa kwamba mkwewe ana sauti nzuri. Kisha akaangalia keria. "Basi kama huna kazi, nina gunia langu hapa la…" Lakini bwana wa baiskeli nyeusi alikuwa amekwisha kupanda, na vumbi likamfunika kama wingu linavyowafunika waliopendelewa.

Sasa lielezwe anguko lake, maana historia isiyotaja maanguko ni ya uongo. Mbele ya daraja la miti kuna mteremko mkali ambao Gaudensi aliuteremka miaka yote na magunia mgongoni mwa baiskeli. Mwili wake uliujua kama unavyojua kijiko: hapa unajirudisha nyuma, hapa unakaza breki mapema, hapa unausukuma usukani chini ili uzito wa nyuma usikuinue. Siku hiyo mwili ulifanya yote hayo kwa uaminifu mkubwa, na uzito wa nyuma haukuwepo. Breki zilikaza, gurudumu la nyuma likapaa, na shujaa akapita juu ya usukani wake mwenyewe, akatua majanini kwa goti na kiwiko, kishindo kikasikika mpaka ng'ambo ya daraja.

Hakuliangalia goti. Alitambaa mpaka kwenye baiskeli, akaukagua mto. Ulikuwa na vumbi kidogo upande mmoja. Akaupangusa kwa kola ya shati lake, akaketi kando yake kidogo kabla ya kuinuka.

Ng'ambo ya daraja alisimama adui wa tatu, naye alikuja na silaha tamu. Alikuwa Venant, mfuga nyuki, aliyekuwa akitoka Ugalla na ndoo ya asali, na tairi lake lilikuwa limepasuka.

"Nimekuona ukiruka, kaka," alisema Venant. "Nikasema, huyu ndege mzito."

"Breki," alisema Gaudensi.

"Pole. Lakini Mungu ndiye amekuleta. Angalia, keria tupu! Weka ndoo yangu hapo, twende wote mpaka Kabungu, na sega moja ni lako. Asali ya miombo hiyo, siyo ya chupa."

Harufu ya asali ilimfikia Gaudensi na kumzunguka kichwa. Hakuwa amekula. Goti lilimwuma. Na aliyekwama njiani hakatai kusaidiwa, wala mwenye baiskeli hakatai kusaidia. Hiyo ni sheria ya njia ile, ya zamani kuliko lami.

"Venant," alisema, "ndoo yako siipakii. Lakini na wewe sikuachi."

Akatoa viraka na gundi, akageuza baiskeli ya Venant matairi juu, akatoa tyubu, akaitia majini chini ya daraja kutafuta pumzi inakotoka, akakwaruza, akabandika, akapiga pampu mpaka jasho likamdondoka puani.

"Mtu mgumu wewe," alisema Venant akipanda. "Ungenibebea ungekuwa umemaliza zamani."

"Najua."

"Huo mto ni wa nani basi, wa askofu?"

Gaudensi alijipangusa gundi vidoleni, na Venant akaenda zake akitikisa kichwa, sega lake likiwa zima.

Hivyo ndivyo shujaa alivyozikaribia nyumba za Kabungu, na ushindi ulikuwa mbele yake kama paa la bati linavyong'aa. Lakini jaribu kubwa kuliko yote lilikuwa bado, na lilikuwa linatembea njiani mbele yake, likiwa na ndoo ya unga kichwani. Alikuwa mama mkwe wake, Bibi Katarina, mama yake Angela, akitoka mashineni pamoja na wanawake wawili wa jirani.

Mkwe hapitwi juu ya baiskeli. Hatazamwi machoni, wala hapandishwi nyuma ya baiskeli ya mume wa binti yake, hata miguu ikimvimba. Lakini mzigo wake! Mkwe anayebeba unga kichwani wakati mkwewe ana keria nyuma yake, hiyo ni aibu itakayosimuliwa mpaka Sibwesa. Gaudensi alishuka. Akavua kofia, akasimama pembeni ya njia akiangalia vidole vya miguu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

Wanawake wale wawili wakaiangalia keria, wakaangaliana.

"Eeh," mmoja alisema, akiiambia hewa. "Siku hizi wakwe wanapumzisha baiskeli, wakina mama ndio wanabeba."

"Labda imetengenezwa juzi," alisema mwingine. "Labda inaogopa unga."

Mikono ya Gaudensi ilikuwa imekwisha kushindwa. Ilienda yenyewe kwenye mipira ya kufungia, ikaanza kuifungua, na moyo wake ukaiangalia kama mtu anayeangalia nyumba yake ikivunjwa. Njia nzima alikuwa ameshinda, akaja kushindwa hapa, kwenye nyumba za kwanza.

"Lete unga, mama," alisema.

Bibi Katarina alishusha ndoo, akakaribia kuliko mila inavyoruhusu. Aliuona mto. Akaugusa mshono wa pembeni, mahali uzi mweupe ulipotumika baada ya ule wa bluu kuisha, akaufuata kwa kidole mpaka mwisho.

"Umebeba nini leo, baba?"

"Sijabeba kitu, mama. Tulisema… tulisema tuje bila mzigo. Kutembea tu."

Bibi Katarina aliurudisha mpira mahali pake, akaukaza kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akajitwisha ndoo.

"Mama Angela, vipi?" jirani alishangaa. "Si umpe abebe?"

"Abebe wapi?" alisema Bibi Katarina. "Nyie hamuoni baiskeli imejaa?"

Akatangulia. Gaudensi akafuata akiikokota baiskeli, kwa umbali unaostahili. Kwenye kijito cha kabla ya nyumba, kwa kuwa mkwe hali pamoja na mkwewe, alipanga viazi vitamu juu ya jani la mgomba, akarudi nyuma. Na Bibi Katarina akakaa amempa mgongo, akala viwili, akiangalia maji. Wanawake wale nao wakakaa.

Chongeni basi, enyi mafundi wa mawe, kama kuna jiwe. Ngoma haikupigwa Kabungu siku hiyo, na mbwa mmoja tu alibweka, kisha akaona uvivu. Lakini wajue watakaokuja: Gaudensi mwana wa Hilari alitoka Mpanda na mke wake, akafika naye kwao, na njia nzima hakuna aliyemsogeza ili gunia lipate nafasi.