Nafasi ya Kwanza Imefutwa

Jumatatu, 3 Machi
Serikali imenivunja mgongo! Mitihani ya kuwapanga watoto kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho imefutwa. Sasa mtoto anapewa mradi wa mikono, kisha anaandikiwa "Amefikia matarajio" au "Bado kidogo". Bado kidogo, jamani! Miaka yote binti yangu anashika nafasi ya kwanza, mtoto wa shemeji ya pili. Kila nikienda kwa shemeji nakalia kochi lake kifua mbele. Leo kapita dukani kwangu, kacheka, kasema sasa watoto wetu wako sawa. Sawa! Chakula cha jioni kimenishinda.

Jumanne, 4 Machi
Neema! Mradi wenyewe ni kushona mkoba. Na mimi ni fundi cherehani! Nikamwambia binti apumzike, baba yupo. Akasema mwalimu anataka kazi ya mwanafunzi, na wake ameshaukata kwenye pazia kuukuu. Niliuona. Kamba moja ndefu, nyingine fupi. Nikausifu kwa mdomo tu.

Jumatano, 5 Machi
Nimeshona mkoba wa haja. Kitambaa cha bitana kwa ndani, mifuko, zipu. Mke wangu akauliza ni wa nani. Nikasema wa mteja mgeni. Asubuhi binti akienda kuoga, nabadilisha. Shemeji atanitambua.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeitwa shuleni. Kumbe mtoto anasimama mbele ya darasa kueleza alivyoshona! Binti kafungua begi, kakuta mkoba asioujua, kaukana hapo hapo. Mwalimu hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema binti arudi kesho na kazi yake mwenyewe. Halafu akaugeuza mkoba wangu, akasema huu nao bado kidogo, zipu imepinda. Zipu yangu! Na shemeji kasimama mlangoni, amekuja kumchukua mwanawe!
Njiani binti alitangulia mbele. Tulipofika nyumbani, machozi yakimlengalenga, akasema baba, kwa mkoba wangu mimi ningeeleza kila kitu. Nilijisikia vibaya sana. Nikamrudishia mkoba wake. Akaniomba nisiguse hata uzi.

Ijumaa, 7 Machi
"Amefikia matarajio." Sawa na mtoto wa shemeji. Binti kaeleza mpaka ile kamba fupi: pazia lilimwishia, safari nyingine ataanza kwa kukata kamba. Darasa zima likapiga makofi. Karudi akiimba, kanikumbatia. Nikalia kidogo, sifichi. Nimeapa mbele ya mke wangu kwamba sitaingilia tena kazi ya mtoto.

Jumapili, 9 Machi
Mradi mpya: kuotesha maharage kwenye kopo. Shemeji anasema ya mwanawe yameshachipua. Mwongo yule! Nimepita kwa jirani mwenye bustani, nikaomba mche mmoja uliokwisha kutoa maua. Kesho binti akienda kuoga, nauchomeka kwenye kopo lake. Safari hii hawanipati ng'o. Mche hauna zipu.