Povu Lenye Harufu ya Waridi

Kwa heshima kubwa naujulisha umma kwamba Kamati Maalumu ya Kubaini Chanzo cha Uchafu katika Maji ya Kupozea Mitambo imemaliza kazi yake kwa mafanikio makubwa kuliko tulivyokusudia. Mimi ndiye Katibu.

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo. Bwawa la maji yanayopoza mashine za kiwanda chetu lilianza kutoa povu lenye harufu ya waridi. Mabomba yakaziba, mashine zikachemka kama birika, zikazimwa. Mkurugenzi, akinukia vizuri kama kawaida yake, alichukua hatua za haraka: akasaini barua ya kumfukuza mhusika, nafasi ya jina ikabaki wazi. Jina sote tulilijua. Ni la Mama Pampu, fundi wa maji kwa miaka kumi na tisa, kwa kuwa ndiye aliyezoea kuonekana karibu na maji.

"Mwanangu, mimi naoga kwa sabuni ya kufulia," aliniambia. "Hilo waridi nimelitoa wapi?"

Nikaandika: mtuhumiwa amekiri kumiliki sabuni.

Kamati ilikaa vikao kumi na kimoja. Tuliyaonja maji, Mjumbe wa Mipango akashauri yaongezwe sukari. Ndipo Mama Pampu akaomba kusema.

"Jamani, hii kazi ya nusu saa! Kila sinki na kila bafu mwageni rangi yake. Rangi itakayotokea bwawani ndiyo itatuonyesha bomba lililoungwa vibaya."

Wazo lilikuwa rahisi mno, tukaliboresha: rangi zigawiwe kwa vyeo. Vibarua kahawia, makarani njano, maofisa bluu. Bafu la Mkurugenzi, lililojengwa juzi na shemeji yake, tukaliruka kwa heshima.

Mkurugenzi akaja juu. "Yaani mnagawana rangi, mimi mnaniacha mikono mitupu? Nataka zambarau. Na asipewe mwingine yeyote!"

Akaimwaga mwenyewe, ndoo nzima. Tukapiga makofi, tukashuka bwawani. Mama Pampu akawasha pampu.

Kahawia haikuja. Njano haikuja. Bluu nayo kimya. Kisha bwawa likageuka zambarau tupu, mnara wa kupozea ukaanza kurusha manyunyu, na upepo, bila kufuata ngazi za utawala, ukayapeleka moja kwa moja kwenye suti nyeupe ya Mkurugenzi.

"Katibu," akasema taratibu, "hakuna mwingine aliyepewa rangi hii?"

"Hakuna, mzee. Ulipiga marufuku."

Mama Pampu alichomoa ile barua kwenye faili langu, akaigongagonga kwa kidole pale kwenye nafasi ya jina.

"Saini yako ipo tayari, baba. Jina lako ni refu kidogo, lakini usijali. Tutalibana liingie."